Diski ya Pili Imefungwa, Kompyuta Haiioni

Unapofunga diski ya pili ndani ya kompyuta ya nyumbani, kisha kompyuta ikawaka bila kuonyesha kwamba imeongezewa kitu, usifanye haraka kuamua kwamba diski ni mbovu. Acha kasha wazi, iwashe kompyuta, weka vidole viwili taratibu juu ya bati la diski, na utulie usikilize. Diski ya kuzunguka, ile pana ya inchi 3.5, hutoa mtikisiko mdogo na mvumo unaopanda katika sekunde chache za mwanzo. Jibu la swali hilo moja, kama inazunguka au haizunguki, linagawa kazi yote iliyobaki: ikiwa haizunguki, kosa liko kwenye umeme au kwenye diski yenyewe, ikiwa inazunguka, kosa huenda liko mbele zaidi, kwenye kebo ya data, kwenye mipangilio ya BIOS (programu ya kompyuta inayotangulia kuwaka kabla ya Windows) au kwenye mfumo endeshi. Hapa Tanga nimepokea diski nzima zilizokwisha kutupwa kando kama chuma chakavu, na nimepokea nyingine ambazo wenyewe walifuta kumbukumbu zao kwa mikono yao, kwa sababu tu walianza kutafuta kosa kutoka mwisho wa njia.

SSD, diski inayohifadhi kwa chipu badala ya sahani, haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo kipimo cha vidole hakiifai. Hiyo ihamishie kwenye nyaya za diski ya kwanza ambazo unajua zinafanya kazi, uone kama BIOS itaitambua.

Kila mara zima kompyuta na uchomoe plagi ukutani kabla ya kugusa waya wowote. Katika nyumba ambayo haina ethi ya kuaminika, bati la kasha huweza kukutekenya vidole kwa umeme mdogo unaopita kwenye kapasita za kichujio zilizo ndani ya pawa saplai; mtekenyo huo hauna maana kwamba diski imepiga shoti, lakini unaweza kudhuru saketi ukichomeka kebo huku plagi ingali ukutani. Maelekezo mengi ya ufundi husisitiza pia umeme tuli, na ni sawa kwa mahali penye hewa kavu. Hewa ya pwani yetu ina unyevu unaoipunguza hatari hiyo, ingawa haiimalizi, na mimi hapa naogopa zaidi jasho la chumvi kwenye vidole. Futa mikono, shika diski kwa pembeni, na usiguse meno ya dhahabu yaliyo kwenye soketi zake.

Diski haizunguki kabisa

Diski ya inchi 3.5 hutumia umeme wa aina mbili: volti 12 za mota, zinazokuja kwa waya wa njano, na volti 5 za saketi, zinazokuja kwa waya mwekundu. Diski ndogo ya inchi 2.5 hutumia volti 5 pekee. Ndiyo sababu waya wa njano uliokatika ndani ya plagi unaweza kuiacha SSD ikifanya kazi vizuri huku diski kubwa ikikaa kimya kwenye plagi ileile, na mtu akaapa kwamba plagi ni nzima kwa kuwa ameijaribu. Chomoa plagi ya umeme ya diski ya kwanza, uichomeke kwenye diski mpya, na uwashe. Ikizunguka, diski haina kosa, tafuta plagi nyingine. Isipozunguka hata hapo, ijaribu kwenye kompyuta nyingine kabla ya kutoa hukumu.

Angalia pia kama plagi imeingia hadi mwisho. Plagi ya umeme ya SATA, aina ya kiunganishi cha diski za sasa, ina meno 15 yaliyopangwa kwenye ulimi mrefu wenye kona upande mmoja, na ndani ya kasha lenye nafasi finyu ni rahisi kuichomeka nusu, upande mmoja ukiwa umeingia na mwingine umebaki nje kwa milimita moja.

Kompyuta nyingi tunazonunua zimekwisha kutumika maofisini ng'ambo, nazo nyingi zina kasha dogo ambalo halikukusudiwa kubeba diski nyingi. Katika baadhi yake hutaona waya wa ziada kutoka kwenye pawa saplai, kwa kuwa umeme wa diski hutoka kwenye ubao mama, ambao mafundi huuita mazabodi, kupitia waya maalumu wa kampuni husika. Plagi za nyaya hizo hufanana kwa umbo na kutofautiana kwa mpangilio wa volti. Usichukue waya wa toleo jingine kwa sababu tu umeingia. Volti 12 zikifika mahali pa volti 5 huunguza diski kwa mara moja, na hilo halina matengenezo. Tafuta waya ulioandikwa jina na toleo la kompyuta yako, hata kama itakubidi usubiri uletwe kutoka Dar es Salaam.

Pawa saplai za makasha hayo madogo nyingi hazifiki wati 300. Diski kubwa inapoanza kuzunguka huweza kuvuta takriban ampea 2 kwenye volti 12, yaani wati 24 kwa sekunde chache, kabla ya kutulia kwenye wati chache. Pawa saplai iliyochoka hushindwa katika sekunde hizo hizo: kompyuta hujizima na kujiwasha yenyewe, au diski huanza kuvuma, hukatika, na kuanza tena. Ukiona dalili hiyo, chomoa diski mpya; ikiwa kompyuta inatulia, wa kushukiwa kwanza ni pawa saplai.

Kuna sababu moja zaidi ambayo wengi hawaijui, nayo huwapata wanaotoa diski ndani ya kasha la nje la USB ili waifunge ndani ya kompyuta. Baadhi ya diski hizo hufuata kanuni mpya ya SATA ambayo jino la tatu la umeme, lililokuwa la volti 3.3, limegeuzwa kuwa la kuizima diski. Pawa saplai ya zamani inayopeleka volti 3.3 kwenye jino hilo huiamuru diski ilale daima, na diski nzima ikaonekana imekufa. Dawa ni kufunika jino la tatu kwa kipande chembamba cha utepe unaostahimili joto, au kutumia kiunganishi kinachotoka kwenye plagi ya zamani ya Molex, ile pana ya meno manne, kwa kuwa hiyo haina volti 3.3. Ukichagua kiunganishi, kichague chenye nyaya zilizobanwa mojamoja, maana vile ambavyo nyaya zake zimemiminiwa plastiki vimewahi kupiga shoti ndani kwa ndani na kushika moto.

Inazunguka, lakini BIOS haiioni

Ingia BIOS wakati kompyuta inawaka, kwa F2, Delete, F10 au F1 kulingana na mtengenezaji, na utafute orodha ya diski. Usitafute kosa ndani ya Windows kabla ya hapo, kwa maana Windows kwa kawaida haiwezi kuona kitu ambacho ubao mama wenyewe haujakiona.

Wa kwanza kushukiwa ni kebo ya data, ile nyembamba yenye meno 7. Kebo isizidi mita 1, isikunjwe kwa pembe kali, na ni vyema iwe na kibanio cha chuma kinachoishika kwenye soketi, kwa sababu kebo isiyo na kibanio hulegea taratibu kila kompyuta inaposogezwa kufagia. Badilisha kebo, kisha badilisha tundu kwenye ubao mama. Kama huna kebo ya akiba, azima kwa muda ile ya kisomaji cha DVD. Wengi wetu hatujaweka sahani humo kwa miaka mingi, na tundu lake laweza kukufaa moja kwa moja.

Ikiwa kebo ni nzima, angalia kama tundu lenyewe limefungwa. Kompyuta za ofisini huwa na ukurasa wa BIOS unaowasha au kuzima kila tundu la SATA, na aliyeipanga kazini huenda aliyazima yote ambayo hayakutumika. Kwenye ubao mama wenye nafasi ya M.2, ya SSD nyembamba inayochomekwa moja kwa moja kwenye ubao, kuna mtego mwingine: SSD ya M.2 ikishachomekwa, tundu moja au mawili ya SATA huweza kuzimika yenyewe kwa kuwa yanatumia njia moja. Jambo hilo huandikwa kwenye kijitabu cha ubao mama, na kijitabu hupatikana kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa kuandika namba iliyochapishwa juu ya ubao wenyewe.

Jambo la kutofanya ni kubadilisha hali ya SATA (namna ubao mama unavyozungumza na diski), kutoka AHCI kwenda RAID au IDE, kwa kubahatisha. Windows iliyowekwa chini ya hali moja mara nyingi hugoma kuwaka chini ya nyingine, na badala ya diski moja isiyoonekana utakuwa na kompyuta nzima isiyowaka. Walio bado na diski za zamani zenye kebo pana ya meno 40 wakague jampa, vile vifuniko vidogo vya kuunganisha meno, zilizo nyuma: diski mbili kwenye kebo moja, ikiwa zote zimepangwa kuwa ya kwanza, huzuiana.

BIOS inaiona, lakini haimo kwenye Windows

Hapa ndipo kumbukumbu za watu zinapopotea, na ndipo ninapomwomba msomaji aende polepole kuliko mahali pengine pote.

Fungua usimamizi wa diski kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, kisha uandike diskmgmt.msc. Ikiwa diski ni mpya kutoka dukani, Windows itauliza kama uiandae na kwa mpangilio gani, MBR au GPT. Chagua GPT. MBR haiwezi kuhesabu zaidi ya TB 2, na mtu aliyenunua diski ya TB 3 akaichagua huishia na GB 2,048 zinazotumika na GB 746 zilizokaa pembeni bila kugusika. Baada ya hapo sehemu tupu huonekana ikiwa na ukanda mweusi juu yake. Ibofye kulia, utengeneze sehemu mpya, uipe herufi na kuifomati kwa NTFS. Diski ya GB 1,000 itaandikwa GB 931, na ya GB 500 itaandikwa GB 465. Hujaibiwa: mtengenezaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

Hayo yote ni ya diski tupu. Diski yenye vitu vyako ndani ikikuletea swali lilelile la kuandaliwa, au ujumbe kwamba ni lazima ifomatiwe kabla ya kutumika, jibu ni hapana, hata kama ujumbe unarudi mara kumi.

Mwalimu mmoja mstaafu wa Makorora alikuwa na diski ya nje iliyovunjika tundu la USB, na ndani yake mlikuwa na picha za harusi za watoto wake wote na sauti za maulidi alizorekodi kwa miaka mingi. Mwanawe aliifungua kasha, akaifunga diski ndani ya kompyuta ya sebuleni kwa ustadi kabisa, na swali likatokea kwenye skrini. Nashukuru kwamba mzee alinipigia simu kwanza.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Kompyuta inauliza kama iiandae hii diski. Kijana anasema nikubali."

"Usikubali, mwalimu. Fungeni hilo dirisha, mzime kompyuta, nami nakuja."

Diski yake haikuwa na kosa. Saketi ndogo iliyokuwa ndani ya kasha la nje ilikuwa ikiitafsiri diski kwa kompyuta kwa vipande vya baiti 4,096, wakati diski ikifungwa moja kwa moja kwenye SATA hujieleza kwa vipande vya baiti 512, hivyo ramani ya mafaili ilikuwa mahali ambapo Windows haikuitafuta. Makasha mengine huenda mbali zaidi na kuficha data kwa msimbo hata kama mwenyewe hakuweka neno la siri. Tulilehemu tundu jipya la USB kwenye saketi ileile ya zamani, tukairudishia diski yake, tukanakili kila kitu kwenye diski nyingine, na baada ya hapo tu ndipo diski ilipofungwa ndani ya kompyuta na kufomatiwa upya. Kwa hiyo anayetaka kuhamisha diski kutoka kasha la nje anakili kwanza vilivyomo, na asitupe saketi ya kasha hadi ahakikishe kwamba diski inasomeka ndani.

Sababu nyingine za diski yenye data kuonekana kama ngeni ni nyepesi zaidi. Huenda haina herufi tu, na hapo ukanda wake ni wa buluu. Ibofye kulia uipe herufi ambayo haijatumika. Huenda imeandikwa Offline, yaani Windows imeiweka nje, jambo linalotokea unapofunga nakala kamili ya diski ya kwanza, kwa sababu zote mbili zina utambulisho mmoja. Ukiiamuru iingie, Windows itaiandikia utambulisho mpya, na nakala hiyo huenda isiweze tena kuwasha kompyuta bila marekebisho. Huenda ilitoka kwenye kompyuta ya Linux au ya Apple, ambazo mpangilio wake wa mafaili Windows haiusomi wenyewe. Na huenda imefungwa kwa BitLocker, ambapo utaona kufuli na kuombwa ufunguo wa tarakimu 48 ambao mwenyewe aliuhifadhi, au uliohifadhiwa kwenye akaunti yake ya Microsoft. Katika hali zote hizo data ipo. Kinachoweza kuiondoa ni kidole cha mtu asiye na subira.

Kwa wanaotumia Linux, andika lsblk uone kama diski imo, na unapoiingiza kwenye fstab ongeza neno nofail, la sivyo siku diski itakapochomolewa kompyuta itasimama kwenye hali ya dharura.

Kompyuta yenyewe haifiki tena kwenye Windows

Mara nyingi BIOS imeipa diski mpya nafasi ya kwanza katika mpangilio wa kuwasha, hasa ikiwa diski hiyo iliwahi kuwa na Windows. Irudishe diski ya zamani juu ya orodha. Ikiwa haipo kabisa kwenye orodha, basi kebo yake ililegea ulipokuwa ukipitisha mkono. Nimeshatembelea nyumba kwa kosa hilo tu. Skrini ikiwa nyeusi na kompyuta ikipiga milio, kandamiza kadi za RAM.

Kosa la kinyume chake hujitokeza baada ya miezi: mtu anachomoa diski ya zamani akidhani haina kazi, na kompyuta haiwaki. Windows ilipowekwa zikiwa zimefungwa diski mbili, iliacha sehemu ndogo ya kuwashia kwenye ile ya zamani na mafaili yake kwenye mpya. Unapoweka Windows upya, chomoa diski ambayo haihusiki.

Inaonekana, kisha inapotea

Diski inayoonekana asubuhi na kutoweka mchana ina sababu nyingi, lakini katika mji wa bahari mimi huanza na soketi. Kwenye nyumba za Raskazone na kote ambako madirisha yanapokea upepo wa baharini moja kwa moja, unyevu wenye chumvi hutanda juu ya vumbi lililo ndani ya kasha, na meno ya plagi za bei nafuu, ambayo dhahabu yake ni nyembamba mno, huota kutu ya kijani. Chomoa na uchomeke kila plagi mara mbili au tatu; msuguano wenyewe husafisha. Kama haitoshi, tumia alkoholi ya kusafishia saketi na mswaki laini, na uache ikauke kabisa. Miezi ya masika, Machi hadi Mei, huleta malalamiko haya zaidi, na kompyuta inayowashwa kila siku huathirika kidogo kuliko inayolala wiki nzima, kwa sababu joto lake huifukuza unyevu.

Ushahidi wa kebo mbovu huachwa ndani ya diski yenyewe. Fungua programu ya kusoma SMART, kumbukumbu ya afya ambayo diski hujiandikia yenyewe, kwa mfano CrystalDiskInfo, utazame namba ya C7, inayohesabu makosa ya safari kati ya diski na ubao mama. Ikiongezeka, badilisha kebo. Haitashuka hata baada ya kebo mpya, ila ikiacha kupanda umepona. Namba za 05 na C5 zina habari tofauti na mbaya zaidi: hizo huhesabu vipande vya sahani (bamba la ndani linalozunguka na kubeba data) vilivyohamishwa na vinavyoshindwa kusomeka. Kwa diski ya mtumba, soma pia saa ilizofanya kazi, ukikumbuka kwamba mwaka mzima bila kuzimwa ni saa 8,760.

Joto nalo lina sehemu yake. Wakati wa kaskazi, diski mbili zilizopangwa moja juu ya nyingine bila nafasi hupandishana joto, na watengenezaji wengi huweka kikomo cha nyuzi 60. Ukiona zinapita 50, acha nafasi ya diski moja katikati au elekeza feni hapo. Ikiwa diski hupotea baada ya kompyuta kukaa bila kazi, angalia mipangilio ya kuokoa umeme.

Baada ya umeme kukatika ghafla, diski ikarudi lakini folda zikawa hazifunguki, amri ya Windows ya chkdsk ikifuatwa na herufi ya diski na /f hurekebisha mengi. Usiiendeshe, hata hivyo, kabla ya kutazama C5. Diski inayoanza kufa haihimili kazi hiyo nzito, na inaweza kumalizika katikati ya matengenezo.

Diski inagonga

Mlio wa kugonga unaojirudia, tak, tak, tak, kisha kimya, ni kichwa cha kusomea kinachotafuta njia bila kuipata. Jaribu mara moja kwa plagi nyingine ya umeme, kwa kuwa volti 12 zilizolegea hutoa sauti hiyohiyo. Ikiendelea, zima. Kila dakika ya kuzunguka kuanzia hapo inaweza kuwa inachuna sahani.

Usiifungue, kwa kuwa nafasi kati ya kichwa na sahani ni ndogo kuliko chembe ya vumbi. Usiiweke kwenye friza kama wengi wanavyoshauriana. Diski iliyopoa ikitolewa kwenye hewa ya Tanga hutona maji kama chupa ya soda, na maji hayo yanaweza kujitona hadi juu ya sahani. Ikiwa vilivyomo vina thamani kubwa, ipeleke ikiwa imezimwa kwa wenye chumba safi cha kazi hiyo. Ikiwa bado inasomeka kwa kusitasita, ifunge kwenye kompyuta ya Linux pamoja na diski nzima yenye nafasi ya kutosha, na utumie ddrescue, ambayo huchukua kwanza sehemu rahisi na kuyaacha majeraha kwa mwisho. Kisha tafuta mafaili kwenye nakala, diski mbovu ikiwa imeshachomolewa.